Kipande Kilicholazwa Kinyume

Karibu mazulia yote mazito ya Kamina, mji wetu wa reli na kambi ya jeshi kusini mwa Kongo, yamepita mikononi mwa mwanamke mmoja. Sisemi yale mepesi ya sokoni, yanayouzwa yakiwa yameviringishwa kama mikeka na kila mtu akayatandika mwenyewe. Nasema yale yanayofunika sebule kutoka ukuta hadi ukuta, yanayobandikwa kwa gundi, ambayo utayaona katika nyumba za wakubwa, katika kanisa moja au mawili, na katika ukumbi wa maofisa kule kambini. Hayo ni kazi ya Salomé Bolumbu, na hapa mjini hana mwenzake. Kwa miaka kumi na miwili jambo hilo lilimpa jina zuri. Leo ndilo linalomfanya aketi karakanani kwake na kisu juu ya meza, akiutazama mlango.

Alizaliwa Mbandaka, mbali sana na hapa. Alikuja Kamina na mume wake, ajida wa jeshi, akiwa na mimba ya binti yao Plamedi. Kiswahili alikijua kwa kuchekwa sokoni. Plamedi alipokuwa bado mgongoni, mume alipelekwa vitani mashariki, na kilichorudi ni begi moja na karatasi yenye mhuri. Wajane wa kambini huuza mkaa, mikate, mafuta ya mawese. Salomé alijaribu mkate, ukaungua. Alijaribu mkaa, wakamwibia gunia. Ndipo akakutana na mzee Gaston Mwanza.

Gaston alikuwa fundi wa zamani. Ujana wake aliumaliza akishona viti vya mabehewa ya abiria, na baadaye akawa mtandika mazulia pekee wa mji. Alimkuta Salomé akishona godoro la jirani kwa mkono, akasimama kutazama namna alivyopiga magoti chini kwa saa nzima bila kuinuka.

"Magoti yangu imekwisha," alimwambia. "Weye uko na magoti?"

"Niko nayo mbili, papa."

"Basi kuya."

Siku ya kwanza hakumpa kisu wala gundi. Alitandaza juani kipande cha zulia, au tapi kama wasemavyo hapa, akamwambia apitishe kiganja. Kwenda, mkono uliteleza. Kurudi, manyoya yalisimama na kuukwaza.

"Hii njo mulalo," alisema Gaston. "Bafaransa banaita *sens*. Manyoya yote ya tapi inainama upande moja, tangu ku kiwanda. Ukisimama mahali inakimbia weye, rangi iko nyepesi. Ukisimama mahali inakuja kwako, rangi inakuwa nzito, karibu nyeusi. Ni tapi moja, lakini macho itasema ni mbili."

Mulalo. Ndilo neno la kwanza la kazi hiyo na karibu la mwisho. Kabla ya kukata, fundi hutafuta mulalo. Kabla ya kuunganisha vipande viwili, hulinganisha mulalo wa hiki na mulalo wa kile. Zulia la njiani lililokanyagwa hadi manyoya hayainuki tena, mafundi husema mulalo wake umekufa. Na Gaston alikuwa na kanuni moja asiyoivunja: mulalo uanzie dirishani uelekee ndani, ili wageni walioketi na dirisha mgongoni waone rangi moja, nyepesi, kama maji yaliyotulia.

Salomé aliivunja mara moja. Ulikuwa ukumbi wa maofisa, ule unaoitwa mess, mwaka wake wa kwanza, na Gaston alikuwa mgonjwa. Aliunganisha vipande viwili, akavibana vizuri hata unywele usingepita kati, lakini kimoja kilikuwa kimegeuka. Asubuhi kanali mmoja alisimama dirishani, akatazama nusu ya kijani kibichi na nusu ya kijani cheusi, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima:

"Mama, umetuwekea tapi ao bendera?"

Walicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni kuona kuna nini. Gaston aliinuka kitandani na homa yake, akaja, akamfanya aving'oe vyote viwili siku hiyohiyo. Kambi nzima iliijua habari hiyo. Hata leo, wanawake wa kambini wakitaka kumchokoza, humwuliza habari ya bendera.

Tangu siku hiyo Salomé hakati kipande bila kuchora mshale wa chaki mgongoni mwake, ukionyesha manyoya yanakoelekea. Tena mabaki ya kila nyumba huyatunza. Kwa desturi ya kazi hii mabaki ni ya fundi, lakini kwa sharti kwamba ayahifadhi, maana zulia likiharibika hakuna kipande kingine duniani kitakachofanana nalo ila kile kilichotoka katika roli lilelile, yaani bunda lilelile la kiwandani. Ukutani kwake kuna misumari safu nne. Kila msumari una kipande kilichoviringishwa, na kila kipande kina karatasi: jina la nyumba, tarehe, chumba, na mchoro wa sakafu wenye mishale.

Miaka miwili iliyopita alitandika sebule ya Lumbala, yule mfanyabiashara anayenunua mahindi Kaniama na kuyajaza katika depo yake, yaani ghala, karibu na reli. Zulia lilikuwa zito, jekundu lenye kahawia, kama udongo wa barabara baada ya mvua. Kabla ya kulibandika, Salomé aliona ufa katika simenti karibu na mlango wa kolido, akauziba kwa lipu nyeupe. Bibi wa nyumba, Gisèle, alikuwa akipita kila mara kutazama. Lakini aliyekaa naye siku zote tatu ni msichana wa kazi, Noémie, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, kutoka Kinkondja, kule ziwani. Mama yake Noémie, Hulda, huuza samaki wakavu soko kuu, na Salomé ni mteja wake.

Wiki chache baada ya hapo Noémie alimfuata karakanani.

"Mama Salomé, minyi nafagiaka kila siku, lakini ile tapi bado inaonekana michafu-michafu. Juu ya nini?"

"Juu unafagia kama unafukuza kuku. Leta mukono."

Akachukua kiganja cha msichana, akakipitisha juu ya kipande cha zulia.

"Huku inateleza," alisema Noémie.

"Na huku?"

"Huku inakatala."

"Basi brosi iende mahali inateleza, kila siku, upande moja tu. Usirudishe. Nyumba itakuwa kama ya gouverneur."

"Gouverneur mwenyewe iko na tapi?"

"Sijui. Hajaniita bado."

Noémie alicheka kwa kuziba mdomo na mkono, kama wasichana wa ziwani wanavyofanya. Na Gisèle mwenyewe alikuja kumwambia Salomé baadaye kwamba tangu siku ile zulia lilifagiwa vizuri ajabu, mistari imenyooka yote upande mmoja.

Mwezi wa nane mwaka jana Gisèle alisafiri Lubumbashi kumwona dada yake. Wiki mbili baadaye Hulda alianza kuzunguka soko na picha ya binti yake katika simu. Jumapili Noémie hakuja kanisani. Jumatatu simu yake haikuita. Hulda alikwenda hadi getini kwa Lumbala, akaambiwa mtoto wake ametoroka na askari. Mkuu wa mtaa naye aliingia humo ndani, akapewa bia, akatoka akisema nyumba ni tulivu.

"Banasema ni askari," Hulda alimwambia Salomé akiwa ameketi nyuma ya samaki wake ambao siku hiyo hakuwapanga. "Weye unakaa kule ku base. Ni askari gani?"

"Sikusikia kitu, mama."

"Kama ni askari, angenituma hata neno. Noémie? Hata akinunua kitambaa ya kichwa, ananiambiaka."

Siku mbili baada ya mazungumzo hayo, Lumbala mwenyewe aliingia karakanani. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, anayesalimia kila mtu. Alitazama misumari ukutani mpaka akaona jina lake.

"Ile kipande ya tapi yangu, bado uko nayo?"

"Niko nayo, patron. Kuko nini?"

"Ule mutoto wa kazi alisahau fer juu ya tapi. Imeungua. Akaona makosa yake, akakimbia. Sasa bibi yangu anarudia siku ya posho, Jumamosi hii, na unamujua Gisèle. Atanipigia kelele mpaka Krismasi."

"Imeungua kiasi gani?"

Alipanua mikono yake. Akaitazama. Kisha akaipanua zaidi.

Salomé aliipima mikono ile kwa jicho. Pasi ni ndogo. Na getini Hulda aliambiwa habari ya askari, si habari ya pasi. Lakini alichukua kipande, kisu, gundi, brosi, akapanda nyuma ya pikipiki iliyokuwa ikimsubiri.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali nje, na sebule ya Lumbala ilikuwa imefungwa mapazia yote. Taa ya juu iliwaka. Harufu ya javeli, dawa ya kung'arishia nguo, ilimchoma puani kabla hajavua viatu. Haikuwepo hata chembe ya harufu ya kitu kilichoungua.

Alitazama zulia kwanza, kama fundi yeyote angefanya. Lilikuwa limesuguliwa huku na huku, duara juu ya duara, manyoya yamepigana. Mtu alikuwa amepiga magoti akisugua kwa nguvu. Noémie asingefanya hivyo. Aliyesafisha chumba hiki hakuwa Noémie, na alikisafisha wakati Noémie hayupo tena kumwonyesha.

Karibu na mlango wa kolido palikuwa na shimo. Limekatwa kwa kisu cha jikoni, kingo zote zimechanika, urefu wa hatua moja na nusu. Kipande kilichotolewa hakikuwepo. Gundi ya chini nayo imekwanguliwa. Simenti ilikuwa nyeupe kupita simenti ya kando, imeoshwa na kuoshwa tena. Lakini ule ufa alioujua, aliouziba kwa mkono wake kwa lipu nyeupe kama unga, haukuwa mweupe tena. Lipu ilikuwa imekunywa kitu. Ilikuwa kahawia, nyeusi katikati.

"Kata muzuri, iwe karé, pembe ine sawa," alisema Lumbala nyuma yake. "Kisha ufunge."

Salomé alipiga magoti. Alinyoosha kingo za shimo kwa rula na kisu, na vipande vyembamba vilianza kutoka, kila kimoja upana wa vidole viwili. Alipokigeuza kimoja, mgongo wake ulikuwa na rangi ileile ya ufa. Alikiweka kando ya goti. Lumbala aliinama, akakiokota, akakitia katika gunia dogo la plastiki. Kila kipande kilichotoka alikiokota. Alipomaliza alipitisha jicho sakafuni.

"Yote iko hapa?"

"Yote, patron."

"Binti yako Plamedi anasomaka kwa masista, si njo?"

Kisu kilisimama.

"Njo kule."

"Namuonaka. Anapitaka karibu na depo yangu saa saba, na ule mufuko wa bleu. Mutoto muzuri. Chunga ye."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesifu. Salomé hakugeuka. Alijua sasa kwamba asingeweza kutoka humo na chochote mkononi, wala kutoka na neno mdomoni. Kama angekataa kazi, Lumbala angejua kwamba ameelewa. Kama angeifanya kwa uzuri wake wa siku zote, kipande kingeingia katika zulia kama maji katika maji, na mtoto wa Hulda angefutika pale chini, kwa gundi na mkono wa Salomé mwenyewe.

Alifungua kipande kutoka ukutani kwake. Mgongoni mshale wa chaki ulikuwa bado unaonekana. Sakafuni, mulalo ulitoka dirishani kuelekea kolido, kama alivyoulaza mwenyewe. Mshale ulipaswa kuelekea kolido.

Alikata kipande kulingana na shimo. Shimo lilikuwa mraba sawasawa. Kipande kingeingia namna yoyote. Alipaka gundi. Kisha alikigeuza nusu mzunguko, mshale ukatazama dirisha, akakibandika.

Hapohapo, hata katika mwanga wa taa, tofauti ilianza kuonekana. Salomé alilowesha kitambaa, akakikamua juu ya kipande na kandokando yake, akachukua brosi ngumu na kuyasimamisha manyoya yote wima, ya kipande na ya zulia, mpaka yakawa hayalali popote. Kila fundi anajua kwamba manyoya yenye maji hutii brosi, na yakikauka hurudi yalikozaliwa. Lumbala alijua bei za mahindi.

Alichuchumaa. Alitazama. Akapitisha kiatu chake taratibu juu ya maungio.

"Haionekane," alisema.

"Haionekane, patron. Usiikanyage siku mbili, ikauke. Na mapazia ikae hivi, jua isikule rangi."

Hayo ya jua aliyaongeza bila kufikiri, na baadaye alishangaa jinsi alivyoyasema kwa utulivu.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Gaston. Mzee sasa haoni vizuri; hukaa kitandani na redio sikioni. Salomé alimweleza yote. Gaston alizima redio.

"Umegeuza mulalo."

"Nimegeuza, papa."

"Makusudi."

"Makusudi."

Mzee aliiweka redio kando. "Basi usiku—" alianza, akaacha. "Hapana, si usiku. Ni mchana njo itaonekana. Bantu batasema ulikosea, kama ile ya mess."

"Baseme."

"Bakisema hivyo ni bahati yako, mwanangu. Uombe baseme hivyo."

Plamedi hakupita tena karibu na depo. Salomé alimpeleka na kumrudisha mwenyewe, kwa njia ya mbali inayozunguka reli, na mtoto alinung'unika kwamba wenzake wanamcheka, msichana wa miaka kumi na mitatu anashikwa mkono kama wa chekechea. Ijumaa alikwenda sokoni. Hulda alimwambia kwamba kaka zake wawili wamefika kutoka Kinkondja. Jumapili wangekwenda nyumbani kwa Lumbala pamoja na katekista, kuketi mbele yake na kuuliza mtu wao yuko wapi.

"Atatudanganya tena," alisema Hulda. "Lakini atatudanganya akiwa ameketi na sisi."

Salomé alichagua samaki mmoja, akamrudisha, akachukua mwingine. Alizungumza bila kuinua macho.

"Mama Hulda, mwende saa kumi. Si mbele. Bibi yake atakuwa amerudia, mwambieni afungue mapazia. Mukae chini ya dirisha, mugongo ku dirisha. Kisha utazame chini, karibu na mulango ya kolido."

"Nitaona nini?"

"Utaona kazi yangu."

Mkono wa Hulda, uliokuwa ukifunga samaki katika gazeti, ulisimama. Waliangaliana. Hulda hakuuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza, na Salomé alijua kwamba hakuuliza kwa sababu jibu lilikuwa tayari limefika.

"Iko vile?" alisema tu, kwa sauti ndogo.

"Sijui yote, mama. Kile najua, iko pale chini."

Yaliyotokea Jumapili, Salomé hakuyaona. Aliyasikia kwa Hulda, na baadaye kwa mji mzima.

Waliwasili saa kumi. Gisèle alikuwa amerudi jana yake, bado amechoka na safari. Hakuna aliyehitaji kumwomba afungue mapazia; alikuwa ameshaanza kulalamika.

"Nyumba imekuwa giza kama cave! Tangu jana naambiwa jua itakula rangi. Rangi gani? Bageni bakae mu giza?" Akayavuta yote mawili kwa mara moja.

Jua la alasiri, lililokwisha kuteremka, liliingia juu ya mabega ya wageni na kutandaa sakafuni. Zulia lote liling'aa jekundu jepesi. Na karibu na mlango wa kolido, wazi kama mlango wa shimo, palikuwa na mraba mweusi.

Lumbala alikuwa ameketi akitazamana na wageni, uso ukielekea dirishani. Yeye, alipokuwa, aliona doa la mwanga tu lisilo na maana. Alikuwa akieleza habari ya askari. Hulda hakumsikiliza. Alikuwa akitazama chini. Kisha Gisèle naye akatazama, akasogea, akainama.

"Hii ni nini? Nani amekata tapi yangu?"

"Ni ule mutoto," alisema Lumbala. "Alisahau fer, ikaungua. Nilitengenezesha. Sikutaka uone."

"Fer gani?"

"Fer ya nyumba, Gisèle. Bageni bako hapa."

"Fer ya nyumba nilikwenda nayo Lubumbashi. Iko mu valise yangu, sijaitoa hata."

Hulda alisema baadaye kwamba alisikia kuku uani, na treni ya mizigo ikibadilisha njia, na pumzi ya kaka yake mkubwa. Huyo kaka aliinuka, akaenda kusimama katika mlango wa nje, akaegemea mwimo. Wa pili alitoa kisu cha kutengenezea nyavu, akapiga magoti, akaingiza ncha katika maungio.

Walipokiinua kipande, waliona simenti nyeupe na ufa wake. Hulda alishuka kwenye kiti, akauwekea ufa ule kiganja chake, akakaa hivyo. Katekista ndiye aliyekwenda kuita polisi.

Noémie walimkuta siku ya pili nyuma ya depo ya mahindi. Walimzika Kinkondja, karibu na ziwa.

Mwaka mzima Lumbala amekaa gerezani akisubiri kesi, na kesi inaanza Alhamisi hii. Jumatatu, yaani juzi, mdogo wake aitwaye Ngoie alikuja karakanani. Hakuketi.

"Mama, nina ulizo moja. Ile kipande, ulikosea ao ulifanya makusudi?"

Salomé alikuwa akipima zulia la kanisa. Aliendelea kupima.

"Juu ya nini unauliza?"

"Juu avocat, wakili yetu, anasema hivi. Ku depo banatumika bantu makumi mbili. Yeyote anaweza kufanya mubaya kule. Kinachofunga kaka yangu ni ile kipande tu. Lakini kama ile kipande iko pale tangu mwanzo, tangu siku ulitandika? Tapi haikutosha, ukaunganisha, ukakosea mulalo. Na ile rangi mu ufa ni ya rouille, kutu ya zamani. Bantu bote banajua ulishakosea ku mess. Kanali alicheka. Hakuna mutu atashangaa."

"Na fer?"

"Kaka aliogopa tu, alisema ovyo. Weye useme maneno matatu mbele ya juge: *nilikosea tangu mwanzo*. Kisha tunakusahau. Weye na mutoto wako."

Lilikuwa jambo jepesi. Kosa lilikuwepo, mashahidi walikuwepo, kambi nzima ingeapa kwamba Mama Bendera anaweza kukosea tena. Kosa lile lililomwaibisha miaka yote sasa lilikuwa limefunguliwa mbele yake kama mlango wa kutokea. Salomé alifikiria magoti yake, na binti yake akirudi shuleni. Alifikiria mkono wa Noémie ukiteleza juu ya zulia, huku, na huku.

Akaweka rula chini, akaenda ukutani. Msumari wa Lumbala ulikuwa mtupu ila karatasi yake: sebule, tarehe ya miaka miwili iliyopita, mchoro wa sakafu. Mchoro ulionyesha roli moja zima, ukuta hadi ukuta, bila maungio, na mishale yote kumi na miwili ikielekea kolido. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Gisèle, maana Salomé huwaomba wenye nyumba watie sahihi kazi inapokwisha.

"Minyi nilikosea mara moja," alisema. "Ku mess. Kwenu sikukosea."

Ngoie aliishika karatasi kwa vidole viwili bila kuitoa msumarini. Aliisoma yote.

"Karatasi inaunguaka," alisema.

"Inaunguaka."

"Na nyumba."

"Najua, baba."

Aliiachia. Alisimama kidogo mlangoni, akatazama barabara kushoto na kulia kama mtu anayetaka kukumbuka mahali, kisha akapanda pikipiki yake, yenye taa ya mbele iliyovunjika.

Salomé aliitoa karatasi msumarini. Hakungoja. Alimfuata Plamedi shuleni kabla ya saa, akamkabidhi kwa masista pamoja na begi la nguo na karatasi ndani ya Biblia, akamwambia mkubwa wao kwamba asubuhi ya Alhamisi wavilete vyote viwili mahakamani, mtoto na karatasi, na wasimpe mtu mwingine hata akija na jina lake. Plamedi alilia. Salomé hakulia. Alirudi karakanani, maana zulia la kanisa lilikuwa limeahidiwa na halijakatwa.

Leo ni Jumatano. Mlango ameuacha wazi; ukifungwa hatasikia anayekuja. Pikipiki ile yenye taa ya mbele iliyovunjika imepita mara tatu tangu asubuhi, na kila ikipita hupunguza mwendo mbele ya karakana. Ikija, yeye huinua kichwa. Ikiondoka, hupitisha kiganja juu ya zulia la kanisa, huku, kisha huku, akachora mshale.